Kabla Hujatia Sahihi ya Kupanga Nyumba



Malipo ya korosho yakitoka, wengi wetu tunafunga safari kwenda Mtwara mjini. Mmoja anatafuta chumba cha mtoto anayesoma sekondari. Mwingine anataka fremu ya kuuzia samaki wakavu. Mwingine ana mgonjwa anayetibiwa Ligula. Huko ndiko tunakokutana na dalali, mwenye nyumba, na karatasi inayoitwa mkataba wa upangaji.

Mara nyingi mtu anakipenda chumba jioni, asubuhi anajuta. Je, anaweza kughairi? Wengine wanasema, "Sijatia sahihi, basi sidaiwi kitu." Wengine wanasema, "Nimekwisha toa fedha, basi nimefungwa." Majibu yote mawili yana kasoro. Leo tutaeleza kwa nini.

MFANO: MAMA WA MSIMBATI

Tuseme mama mmoja wa Msimbati amepelekwa na dalali kutazama chumba huko Magomeni, Mtwara mjini. Kodi ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 240,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, shilingi 40,000. Jumla ni shilingi 280,000.

Mama anasema, "Chumba kizuri, mwanangu. Lakini ngoja kwanza nikazungumze na baba watoto."

Dalali anajibu, "Mama, kuna watu watatu wanakitaka. Mwachie mwenye nyumba hata elfu hamsini, akushikie."

Mama anatoa shilingi 50,000. Hapewi karatasi yoyote. Jioni jirani anamwambia kwamba mvua ikinyesha chumba kile kinavuja. Asubuhi mama anarudi kwa mwenye nyumba.

"Mzee, nimeghairi. Naomba fedha yangu."

"Ghairi tu, mama. Lakini fedha hairudi."

Nani ana haki hapa?

SHERIA INASEMAJE

Tanzania Bara tuna Sheria ya Mikataba ya tangu mwaka 1961. Sheria hii inataka kwanza kujua kama watu wamekubaliana. Mmoja anatoa pendekezo: "Nipe shilingi 40,000 kwa mwezi, nikupe chumba." Mwingine anakubali au anakataa. Kabla ya kukubaliana, kila mmoja ana ruhusa ya kurudi nyuma.

Mama wa Msimbati alisema, "Ngoja kwanza nikazungumze." Hayo si maneno ya kukubali. Alikuwa bado hajafungwa, na ana haki ya kudai fedha yake. Lakini tatizo ni hili: atathibitisha vipi? Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Kilichobaki ni neno lake na neno la mzee.

Sasa tuwe waangalifu. Sahihi siyo kitu pekee kinachofunga. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali upangaji wa mwaka mmoja, au chini ya hapo, ufanywe kwa mdomo au kwa maandishi. Kama mama angesema, "Nimekubali, nahamia tarehe mosi," akalipa kodi na kupokea ufunguo, upangaji ungekuwapo hata bila karatasi. Hapo hawezi tena kusema, "Sikutia sahihi." Hata dole gumba ni sahihi. Usiliweke kwenye karatasi ambayo hujaisoma, wala kwenye karatasi tupu.

Kwa hiyo, kama hutaki kufungwa mapema, sema wazi mbele ya shahidi: "Hatujafungana mpaka sote tutie sahihi." Maneno hayo machache yanakulinda.

Na aliyeghairi baada ya kukubaliana? Hapelekwi jela kwa sababu hiyo. Hilo ni dai la fidia, siyo kosa la jinai. Mwenye nyumba anaweza kudai hasara aliyoipata kweli, kwa mfano kodi ya siku ambazo chumba kilikaa kitupu. Hawezi kukaa tu bila kutafuta mpangaji mwingine, halafu akudai kodi ya miezi yote. Kama ulidanganywa au ulitishwa ili ukubali, unaweza kuukataa mkataba huo. Kwa mfano, uliuliza kama chumba kinavuja, ukaambiwa hakivuji, kumbe kinavuja.

FEDHA YA KUSHIKILIA CHUMBA

Fedha ya kushikilia inaitwa arubuni. Ugomvi mwingi unaanzia hapo, kwa sababu kila mtu ana maana yake kichwani. Dawa yake ni karatasi moja fupi. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunaweza kuiandika wenyewe, hata kwa kalamu ya risasi, ingawa wino ni bora. Iandikwe hivi:

"Mimi ........, mwenye nyumba, leo tarehe ........ nimepokea shilingi 50,000 kutoka kwa ........ za kumshikia chumba mpaka siku ya ........ Akighairi kabla ya siku hiyo nitamrudishia shilingi ........ Nikighairi mimi nitamrudishia zote. Sahihi zetu: ........ na ........ Shahidi: ........"

Andikeni nakala mbili. Kila mmoja abaki na yake. Mwenye nyumba akikataa kuandika, usitoe hata senti.

Karatasi hii inawalinda wote wawili. Mwenye nyumba aliyewakataa wapangaji wengine kwa ajili yako naye ana haki ya kujua mwisho wake. Na mpangaji naye huumizwa. Tunakumbuka miaka ya 2012 na 2013, habari za gesi zilipowaleta wageni wengi Mtwara na kodi za nyumba zikapanda. Mwenye nyumba akiletewa mgeni mwenye fedha nyingi, anaweza kushawishika kukuacha. Bila karatasi utamshika kwa lipi?

UKIGHAIRI, FANYA HIVI

1. Ghairi upesi. Kila siku inayopita inaongeza hasara ya mwenzako, na inapunguza nguvu ya maneno yako.

2. Mwambie mwenye nyumba mwenyewe. Usimwachie dalali ujumbe. Ukitumia simu, andika ujumbe na usiufute.

3. Kama ulipewa ufunguo, urudishe mbele ya shahidi.

4. Omba fedha yako kwa heshima. Ikishindikana, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa awasikilize. Baraza la Kata nalo linaweza kuwapatanisha. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu katika mashauri ya ardhi na nyumba. Kazi yake ni usuluhishi. Usuluhishi ukishindikana, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Lakini heri kutofika huko. Nauli ya kutoka Kilambo au Msimbati kwenda kwenye shauri, mara tatu au nne, inaweza kuimaliza hiyo elfu hamsini unayoidai. Ndiyo maana tunasema tazama kwanza. Nenda kukitazama chumba mchana. Waulize majirani habari za maji, choo na mvua. Hakikisha anayekupangisha ndiye mwenye nyumba. Soma mkataba wote, au msomewe kwa sauti, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari tunalo, na kalamu tunaijua. Tuzitumie.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mama wa Msimbati alifanya jambo gani vizuri? Alikosea wapi?

2. Je, katika kijija chetu yuko mtu aliyepoteza arubuni? Karatasi ingemsaidiaje?

3. Chukua daftari lako. Andika karatasi ya arubuni ya shilingi 20,000, kisha msomee jirani yako.