Meza Ndogo Mbele ya Mgeni

Katika vyombo vyote vya sebule ya siku hizi hakuna kilicho kifupi kwa kimo na kikubwa kwa shughuli kuliko meza ya kahawa, kwa kuwa juu yake hukutana mkono wa mwenyeji na mkono wa mgeni, kikombe na gazeti, kashata na miwani ya babu, halua ya Idi na daftari la mtoto aliyetoka shuleni. Ajabu ni kwamba chombo hiki aghalabu hununuliwa mwisho, baada ya makochi, mapazia na zulia kumaliza fedha, kisha hujazwa mapambo kwa pupa, hata mgeni anapoletewa kinywaji hubaki amekishika kikombe mkononi akitafuta mahali pa kukitua. Rai ninayoishika katika makala haya ni kwamba meza ya kahawa ni mtumishi wa mgeni kwanza na pambo la nyumba baadaye, na kwamba mwenye kulikumbuka jambo hili dukani, kwa seremala na nyumbani atachagua vyema hata kama kipato chake ni kidogo.

Kwa umri, meza hii ni changa. Msanifu majengo wa Kiingereza E. W. Godwin, aliyevutiwa sana na sanaa ya Japani, alibuni yapata mwaka 1870 meza iliyoitwa ya kahawa, lakini kimo chake kilikaribia sentimita 70, sawa na meza ya kuandikia. Ufupi tuujuao leo ulienea Ulaya na Marekani katika karne ya 20, na mwaka 1938 Joseph Aronson, katika kitabu chake kikubwa juu ya samani, aliieleza kuwa meza fupi na pana ya kuwekwa mbele ya kochi, isiyokuwa na mfano katika historia. Kauli hiyo yaweza kuwa ya haki kwa Ulaya. Kwa watu wa mwambao na jamaa zao wa Arabuni haitoshi, maana wao walikuwa tangu zamani na sinia ya shaba iliyotuliwa juu ya kigoda au juu ya mkeka, dele la kahawa kando yake, na vikombe vidogo visivyo na vishikio vikizungushwa kwa taratibu kuanzia kwa mkubwa.

Hapo ndipo lilipo fundisho ambalo ningependa kila mwenye nyumba alizingatie. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu na Pate, ukuta wa ndani ulijengewa safu juu ya safu za zidaka, yaani mashubaka, zilizotiwa nakshi ya chokaa, na humo zikapangwa sahani za kauri za Uchina na vitu vingine vya fahari. Sakafu ikaachiwa watu, na sinia ikaachiwa chakula na kahawa. Pambo lilikuwa na makao yake na takrima ilikuwa na makao yake, wala kimoja hakikumnyang'anya mwenziwe nafasi. Nyumba zetu za leo zimejengwa bila zidaka, na kuta zake ni tambarare. Basi vyote vilivyokuwa ukutani vimeshuka juu ya meza, ambayo imetwishwa kazi ya sinia na kazi ya kidaka kwa wakati mmoja. Kuchagua na kupamba meza ya kahawa ni kusuluhisha kazi hizo mbili, na hukumu yangu ni kwamba zikigombana, sinia ndiyo yenye haki.

Na tuanze na mti, kwa kuwa meza ya mti mwema hurithiwa na wajukuu. Mninga unastahili sifa zake zote: rangi yake ni ya joto, mishipa yake hupendeza bila kutiwa rangi, na juu ya hayo una tabia adimu ya kutosinyaa sana unapokauka, jambo lililo na thamani kubwa kwa ubao mpana. Msaji, uliopandwa katika mashamba kama ya Longuza huko Muheza na Mtibwa huko Morogoro, una mafuta ya asili yanayoulinda na maji na mchwa. Mvule ni imara na hugeuka polepole kutoka umanjano kuwa hudhurungi, ila wakati mwingine huficha ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyoutia msumeno ubutu, na fundi anayedai ujira zaidi kwa ajili hiyo hadhulumu mtu. Ama mpingo, ulio mzito hata huzama majini, shina lake ni jembamba na mti wenyewe hukua polepole mno. Ni israfu kuutafutia uso wa meza, na wapasa kuachiwa wachongaji.

Lakini mti mwema uliopasuliwa jana ni hasara ya kesho. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, zikivimba na kusinyaa kwa upana kuliko kwa urefu. Kwa hiyo meza iliyoundwa kwa mbao mbichi pwani, ikisafirishwa kwenda Dodoma au Nairobi ambako hewa ni kavu, hupasuka uso au hupinda miguu katika miezi michache. Mafundi wa kale katika nchi nyingi walikadiria mwaka mmoja wa kuanika kivulini kwa kila inchi moja ya unene, na ijapokuwa siku hizi yako matanuri ya kukaushia, swali la kwanza la mnunuzi anaposimama Keko mjini Dar es Salaam, au mbele ya samani zilizopangwa kandokando ya Ngong Road mjini Nairobi, lisiwe la bei bali la muda mbao zilizokaa zikikauka.

Kisha aombe ruhusa aipindue meza miguu juu, kwa maana uso hupigwa msasa na vanishi ili uvutie macho, ilhali ukweli wote umeandikwa chini. Kiungo chema ni kile ambacho ulimi wa ubao mmoja umeingia barabara katika tundu la mwenziwe. Kiungo kibaya ni misumari mitupu, na ufa uliozibwa kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi. Uso wa ubao mpana nao usifungwe kwa nguvu pande zote juu ya fremu, bali uachiwe nafasi ndogo ya kupumua, la sivyo utajipasua wenyewe. Seremala anayejivunia kazi yake huipindua meza kabla hujaomba, na kwa mtu wa namna hiyo ni halali kulipa zaidi. Meza za fomaika na za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi ni nafuu na hazina aibu, mradi mnunuzi ajue kuwa maji yakipenya pembeni huvimba na hazirudi katika hali yake ya awali.

Wako wapendao kioo, na wana hoja. Meza aliyoibuni Isamu Noguchi mwaka 1944, kioo kizito kilichokaa juu ya vipande viwili vya mti vilivyopinda na kuegemeana, imethibitisha kwamba kioo hukifanya chumba kionekane kikubwa kwa kuwa jicho hupita ndani yake. Ila mwenye watoto asikubali kioo cha kawaida, ambacho kikivunjika hutoa vigae vikali kama visu. Na atake kile kilichokazwa kwa moto, ambacho huvunjika punje punje. Kwa watoto hao hao meza ya duara au ya yai ina rehema kuliko yenye pembe kali.

Vipimo vinafuata akili ya mwili. Uso wa meza uwe sawa na kikalio cha kochi au chini yake kwa sentimita chache, yaani baina ya sentimita 40 na 45 kwa makochi mengi. Urefu ukaribie theluthi mbili za kochi. Nafasi kati ya meza na kochi iwe sentimita 40 hivi, ili mkono ufike bila mgongo kuinama na goti lipite bila kugonga. Na panapopita watu paachwe sentimita 75 au zaidi. Asiye na futi achukue kanga, ambayo kwa kawaida hukaribia sentimita 150 kwa 110, aikunje mara moja katikati ya urefu wake na kuitandika mahali meza itakapokaa: atapata umbo la sentimita 75 kwa 110, na familia ikilizunguka kwa siku mbili itajua kama meza ya kadiri hiyo itawafaa au itawasumbua.

Mapambo yapaswa kuanza na nafasi tupu. Nusu ya uso wa meza iachwe wazi kwa sinia ya mgeni, na nusu ya pili ndiyo igawiwe mapambo, yawe machache na ya chini, kwa kuwa chungu kirefu cha maua kinachomkinga mwenyeji asionane uso kwa uso na mgeni wake kimeharibu mazungumzo. Napenda sana sahani ndogo ya asumini zilizochumwa jioni kuliko maua ya plastiki yanayokusanya vumbi mwaka mzima, na mrashi wa shaba wa marashi ya waridi kuliko sanamu isiyo na kazi, kwa sababu mgeni atarashiwa na kuondoka ananukia. Chetezo kina nafasi yake wakati wa kufukiza udi, lakini kiwekwe juu ya sahani ya udongo, wala kisiachwe na makaa mbele ya watoto. Vitambaa vya kufuma, ambavyo baadhi ya vijana huviona vya kizamani, ni kazi ya mikono ya mama na dada zetu na vyastahili heshima. Kimoja kikitandikwa katikati kinautukuza mti, sita vikitandikwa vinauficha. Vitabu viwili au vitatu vya kusomwa huikaribisha akili, ila Msahafu na vitabu vingine vitakatifu vina daraja yake juu, mbali na vikombe.

Baada ya kupamba kuna kutunza. Alama nyeupe ya duara inayoachwa na kikombe cha moto ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, na kinga yake ni vitanga vidogo vya ukindu. Shaba hung'ara kwa ndimu na chumvi, ikisuuzwa na kukaushwa upesi.

Na sebule ikiwa finyu kiasi kwamba meza itawalazimisha watu kupita ubavu ubavu, mwenye nyumba asione haya kukosa meza. Stuli tatu zinazoingiana, zitolewazo wageni wanapofika na kurudishwa ukutani wanapoondoka, au sinia juu ya kigoda kinachokunjwa, zitatimiza takrima kwa ukamilifu, na fedha zilizobaki zitanunua kahawa njema.