Mahindi yalivyomnyang'anya mkulima wa miwa soko la soda

MKULIMA wa miwa akiulizwa mshindani wake ni nani, atamtaja jirani yake au sukari ya magendo. Ni wachache watakaomtaja mkulima wa mahindi. Wakulima na vibarua wa kisiwa cha Negros, Ufilipino, walilijua hilo kwa uchungu katikati ya miaka ya 1980.

Kisa kinaanzia kiwandani. Wanga wa mahindi ukivunjwa hutoa glukosi, ambayo haifikii utamu wa sukari ya miwa. Kipo kimeng'enya kinachoigeuza sehemu ya glukosi hiyo kuwa fruktosi, iliyo tamu zaidi. Tatizo lilikuwa gharama: kimeng'enya kikimwagwa ndani ya shira hutumika mara moja, kisha hupotea nayo. Ni sawa na mwenye mashine ya kusaga kununua mashine mpya kwa kila gunia.

Dawa ikawa kukifunga. Kimeng'enya hushikizwa kwenye punje za polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, au hunaswa ndani ya wavu wake. Shira hupita, kimeng'enya hubaki. Shira huingia upande mmoja wa pipa lenye punje hizo na kutoka upande wa pili ikiwa na fruktosi ya takriban asilimia 42. Punje hizo hutumika kwa miezi.

Kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ilitumia mbinu hiyo kibiashara mwaka 1969, kutengeneza amino asidi. Marekani, kampuni ya Clinton Corn ya Iowa iliipeleka kwenye shira ya mahindi miaka hiyohiyo. Sukari ilipopanda bei mwaka 1974, viwanda vya shira viliongezeka. Mwaka 1984, Coca-Cola na Pepsi ziliruhusu shira hiyo ichukue nafasi yote ya sukari katika soda zao za Marekani.

Serikali ya huko nayo ilikuwa imewekea sukari ya nje ukomo tangu 1982. Sukari ikawa ghali, shira ikawa nafuu, na uagizaji ukaanguka. Mwaka 1985 bei ya dunia ilishuka hadi chini ya senti 3 za dola kwa ratili. Negros ikaingia katika njaa.

Bei ya zao, basi, haiamuliwi na mvua peke yake. Anayetegemea zao moja na mnunuzi mmoja ajiulize mapema: je, kiwanda kinaweza kupata bidhaa ileile kutoka zao lingine?