Mwenye Pupa Huishiwa Kadi

Kwenye steji za bodaboda Kiandutu, Thika, kama ilivyo karibu kila mtaa wa Kenya, abiria wakiadimika karata hutoka mfukoni. Mchezo wenyewe huitwa kadi, au poka, ingawa na ile poka ya kasino hauna undugu. Kila mmoja hugawiwa kadi nne, kisha hutupa inayofanana na iliyo juu kwa namba au kwa aina. Anayemaliza kwanza hushinda, mradi awe ametangaza mapema: "Niko kadi!"

Kanuni hubadilika kutoka maskani hadi maskani, lakini silaha ni zilezile. Ukitupiwa 2 unaokota mbili, 3 unaokota tatu, joka unaokota tano. A hufuta adhabu, au huagiza aina ya kuchezwa. Na kadi hizi za vita hazimalizii mchezo: lazima ya mwisho iwe ya kawaida, kama 4 au 9.

Wako wanaoanza kushambulia papo hapo, na hesabu huwaunga mkono. Pakiti ina kadi 54, na za adhabu ni 10: 2 nne, 3 nne na joka mbili. Uwezekano wa kugawiwa angalau moja katika kadi nne ni asilimia 57. Uwezekano wa kupata angalau A moja ni asilimia 27 tu. Kwa hiyo mwanzoni marungu ni mengi kuliko ngao.

Sasa tazama anayepigwa. Tuseme mkononi hana A wala kadi ya adhabu, na joka imemwangukia katika mzunguko wa kwanza. Anaokota tano kati ya 48 ambazo hajaziona (toa zake nne, joka hiyo na kadi ya kawaida iliyofungua mchezo), na humo mmebaki A nne na za adhabu tisa. Uwezekano wa kuibuka na angalau moja kati ya hizo 13 ni asilimia 81! Wenzake wanamcheka kwa mkono uliojaa, kumbe aliyemtupia joka ndiye aliyempa silaha, naye amebaki na moja pungufu.

Wachezaji wa mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering wanaijua hali hii vizuri. Mchezo huo ulitoka mwaka 1993, kazi ya Richard Garfield, Mmarekani mwenye udaktari wa hisabati. Tofauti ni kwamba huko kila mtu hujitengenezea pakiti yake, isiyopungua kadi 60, na kadi moja hairuhusiwi kurudiwa zaidi ya mara nne, isipokuwa ardhi za kawaida, zinazotoa nguvu ya kulipia kadi nyingine. Wenye pupa hujaza viumbe vya bei nafuu ili wamalize alama 20 za uhai wa mpinzani kabla hajajipanga. Anayetaka kuwazuia hupenda kurundika kadi kubwa za kutisha, naye hufa akiwa amezishika. Dawa ni majibu mengi na ya bei rahisi. Ukiweka kadi nne za ulinzi, uwezekano wa kuona angalau moja katika saba za kwanza ni asilimia 40. Ukiweka nane, ni 65. Kumi na mbili, 81. Kisha inakuja kadi kama Wrath of God, inayofagia viumbe vyote mezani: moja kwa tatu au nne za adui, ambaye mkononi hana tena cha kuongeza.

Kiandutu hakuna anayejichagulia pakiti, kwa hiyo ulinzi hujengwa kwa kukumbuka. A ikitumika kukwepa kuokota kadi mbili, kwangu huo ni uharibifu. Afadhali uokote, uiweke mpaka mtu aseme "niko kadi". Hapo una haki ya kuagiza aina, na wengi huagiza wanayoipenda wenyewe. Agiza iliyokwisha kuchezwa sana. Kama hujaziona kadi 24, na kopa ni tatu tu kati yake, basi ukiita kopa mpinzani ana nafasi moja kati ya nane ya kuwa nayo. Hapo nimechukulia kwamba kadi yake ya mwisho imebaki kwa bahati tu. Mjanja huwa ameichagua tangu akiwa na tatu mkononi, kwa hiyo angalia pia ni aina gani amekuwa akikataa kuitupa.