Maniema: Kilio kinaisha, huzuni inabaki. Riwaya ambazo vijana wa Alunguli wangeweza kusoma

Huko Alunguli, komini ya mji wa Kindu iliyo upande wa kuume wa mto Congo, mtu anapofariki kila jirani anajua kazi yake. Bashi inafungwa mbele ya nyumba, mikeka inatandikwa, wamama wanaleta kuni na maji, michango inaandikwa ndani ya kaye, nyimbo zinaimbwa mpaka asubuhi. Kilio ni shughuli ya watu wote.

Lakini katikati ya shughuli hiyo kuna mtu ambaye mara nyingi haulizwi neno: kijana wa miaka 14 au 15 aliyempoteza baba, mama au yaya yake. Anatumwa maji, anatumwa viti, anawapokea wageni. Akilia anaambiwa ajikaze, kwa sababu wadogo wake wanamwangalia. Kama ni mtoto wa kiume anaambiwa mwanaume halii. Mtoto mdogo zaidi anaambiwa kwamba mzazi amesafiri. Matanga yanapomalizika, bashi inafunguliwa, watu wanarudi kwao, na yeye anabaki na usiku wake.

Je, nani atamwambia kwamba ile hali ya kukosa usingizi, ya kutosikia njaa, ya kukasirika bila sababu au ya kukaa darasani bila kusikia mwalimu anasema nini, si uvivu wala si ulozi? Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema kwamba duniani kijana mmoja kati ya saba wenye miaka kati ya 10 na 19 anaishi na shida fulani ya afya ya akili. Shirika hilo linaweka kujiua kati ya sababu za kwanza za vifo vya vijana wenye miaka 15 hadi 29.

Jibu moja, si la pekee, liko ndani ya vitabu. Kuna riwaya zinazoandika juu ya vijana waliofiwa na juu ya akili iliyochoka. Zingine zilizaliwa karibu sana na Maniema.

Gaby na mama yake

Kitabu kinachogusa zaidi watu wa eneo la Maziwa Makuu ni *Petit pays*, yaani nchi ndogo, cha Gaël Faye. Mwandishi huyu alizaliwa Bujumbura mwaka wa 1982, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Riwaya yake ilitoka mwaka wa 2016 na mwaka uleule ikapata tuzo la Goncourt des lycéens. Tuzo hilo halitolewi na wazee wa fasihi. Linachaguliwa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa wapatao 2000, ambao wanasoma vitabu darasani, wanabishana, kisha wanapiga kura.

Anayesimulia ni Gaby, mtoto wa Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1990. Anacheza na rafiki zake, wanaiba maembe, anakwenda na wazazi wake mpaka Bukavu kumtembelea rafiki ya baba. Kisha wazazi wanaachana, vita inaingia Burundi, na mauaji ya kimbari yanaanza Rwanda. Mama yake, Yvonne, anakwenda huko kuwatafuta ndugu. Anaporudi, mwili umerudi lakini akili imebaki kule. Anakaa kimya. Usiku anamwamsha binti yake mdogo, Ana, na kumsimulia maiti alizoziona.

Hapo ndipo kitabu kinakuwa na kazi kwa msomaji wa Kindu. Mwandishi hasemi kwamba Yvonne amelogwa, wala hamcheki kama watu wanavyomcheka mgonjwa wa akili njiani. Anaonyesha hatua kwa hatua namna mtu mwenye nguvu, mrembo, mwenye mipango, anavyovunjwa na msiba ambao hakuna aliyemsaidia kuubeba. Na anaonyesha watoto wake wakiangalia bila kujua la kufanya. Familia ngapi mashariki mwa Congo zimeishi na mama kama huyo, tangu vita ya 1996, kisha ile ya 1998 hadi 2003, wakati Kindu yenyewe ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD?

Kuna jambo lingine ndani ya riwaya hiyo. Wakati mji unawaka, jirani mmoja mzee, mama wa Kigiriki anayeitwa Economopoulos, anafungua nyumba yake na kumwazima Gaby vitabu. Anasoma kimoja, anarudisha, anachukua kingine. Vitabu havisimamishi vita. Vinampatia tu mtoto mahali pa kukaa akilini mwake. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, anarudi Burundi kwa sababu yule mama amemwachia vitabu vyake.

Faye ameendelea na swali hilo katika *Jacaranda*, iliyotoka mwaka wa 2024 na kupata tuzo la Renaudot. Humo anafuata vizazi vinne vya Wanyarwanda na uzito wa yale wazazi wanakataa kuwaambia watoto.

Kitabu kilichoombwa na watoto

Kabla ya Faye, Ahmadou Kourouma wa Côte d'Ivoire alikuwa ametoa *Allah n'est pas obligé*, mwaka wa 2000. Kitabu hicho kilipata Renaudot na pia Goncourt des lycéens mwaka huo. Birahima, mtoto yatima, anaondoka kumtafuta shangazi yake na anaangukia katika vita ya Liberia na Sierra Leone, akiwa na bunduki mkononi. Kourouma alikitoa kitabu hicho kwa watoto wa Djibouti, akiandika kwamba wao ndio waliomwomba akiandike.

Birahima anatukana, anacheka, anajisifu. Msomaji makini anatambua kwamba kicheko hicho ni namna ya kutolia. Mzazi au mwalimu aliyewahi kuona mtoto akirudi kutoka kikundi cha silaha, mkali, mwenye maneno machafu, anaweza kupata humo ufunguo wa kumwelewa kabla ya kumfukuza.

Kwa Kiswahili, Mkenya Ken Walibora aliandika *Siku Njema*, iliyotoka mwaka wa 1996. Kongowea Mswahili anampoteza mama yake, anateseka kwa walezi, kisha anaondoka Tanga na kwenda mpaka Kenya kumtafuta baba ambaye hakumlea. Kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya kilisoma kitabu hicho darasani, na wengi walikuwa wanamwita mwandishi kwa jina la mhusika wake. Walibora alifariki Nairobi mwezi wa nne mwaka wa 2020 baada ya kugongwa na basi. Ndani ya riwaya yake msiba haufutwi, lakini haufungi njia pia. Kijana anabeba huzuni yake huku akitembea.

Kezilahabi na swali gumu

Kuna vitabu vingine ambavyo haviishi vizuri. Mtanzania Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa *Rosa Mistika* mwaka wa 1971 na *Kichwamaji* mwaka wa 1974. Rosa ni binti wa baba mlevi na mkali, anayempiga akiona barua ya kijana, na anayemlea kwa woga mpaka hawezi kujilinda anapotoka nyumbani. Kazimoto, wa *Kichwamaji*, ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyesoma sana na ambaye haoni tena maana ya kuishi. Wote wawili wanaishia kujiua.

*Rosa Mistika* ilikataliwa kwanza katika shule za Tanzania, kisha baadaye ikakubaliwa na kufundishwa. Mabadiliko hayo yanaonyesha mjadala ambao ungezuka pia Alunguli: je, kijana mwenye huzuni apewe kitabu cha namna hii?

Wasiwasi wa wazazi una msingi. Wataalamu wa afya wanaonya kwamba habari za kujiua zikielezwa kama suluhisho, au kwa kupambwa, zinaweza kumsukuma mtu ambaye tayari yuko kwenye hatari. Lakini wataalamu haohao wanasema pia kwamba kumuuliza kijana waziwazi kama anawaza kufa hakumtii wazo hilo. Mara nyingi kunamfungulia mlango wa kusema. Kwa hiyo shida inakuwa kubwa pale kijana anaposoma Kezilahabi peke yake usiku, bila mtu mkubwa wa kumuuliza: kabla Rosa hajafika pale, ni nani angeweza kumsaidia, na siku gani? Darasa likijibu swali hilo, linajifunza kuona dalili kwa jirani aliyeketi kwenye banki moja.

Kifaransa cha masomo, Kiswahili cha nyumbani

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Katiba ya mwaka wa 2006 inaweka Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini kijana wa sekondari wa Kindu anasoma na kufanya mtihani wa Serikali kwa Kifaransa. Kifaransa ni lugha ya pointi. Analia kwa Kiswahili, anaota kwa Kiswahili au kwa lugha ya kabila lake, na riwaya inayosema juu ya kilio chake inamjia kwa lugha ya mwalimu.

Vitabu vya Kiswahili kutoka Tanzania na Kenya vinasaidia, ila navyo vina umbali wake. Pale Mtanzania anaandika daftari, mtu wa Alunguli anasema kaye. Pale Mkenya anasema anakwenda shule, mtoto wa Kindu anakwenda masomo. Si ukuta, kwa sababu baada ya kurasa chache sikio linazoea. Ila ni vigumu kupata riwaya ya kijana iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Maniema, yenye mtumbwi, reli na nkambo anayesema kama nkambo wa hapa.

Hali hiyo inashangaza ukikumbuka historia. Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara ya pembe na ya watumwa, iliyoweka makao Nyangwe na Kasongo. Tippu Tip mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Lugha iliyoingia kwa machungu makubwa hivyo haikosi maneno ya kuyasema. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Nobel ya fasihi mwaka wa 2021, aliandika kwa Kiingereza juu ya Yusuf, mtoto anayetolewa kwa wazazi wake ili kulipa deni la baba, kisha anapelekwa na msafara mpaka bara. Kitabu hicho, *Paradise*, kimetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina *Peponi*.

Njia ya kitabu mpaka ng'ambo

Kikwazo cha pili ni njia. Kindu inafikiwa kwa ndege, kwa reli kutoka kusini wakati treni inatembea, na kwa barabara mbaya zinazotoka Kivu. Tangu Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili mwaka wa 2025 ziingie mikononi mwa AFC/M23, biashara ya upande huo imekuwa ngumu zaidi, na familia nyingi za Maniema zenye ndugu katika miji hiyo zimeongeza wasiwasi juu ya wasiwasi.

Na kitabu kikifika Kindu, kinafika kwanza upande wa kushoto, Kasuku na Mikelenge, uliko uwanja wa ndege na kituo cha treni. Ili kifike Alunguli lazima kivuke mto kwa mtumbwi au kwa kivuko, kama vile wagonjwa, wanafunzi na magunia ya mchele. Ndiyo sababu vijana wengi wanasomea ndani ya simu, mafaili yanayotumwa kwa WhatsApp, kurasa zingine zikikosekana.

Kuna njia ya bei ndogo ambayo masomo na parokia, misikiti na vikundi vya vijana vinaweza kuanza kesho bila mradi: nakala moja, msomaji mmoja mwenye sauti nzuri, na watu ishirini wanaosikiliza. Anasoma ukurasa kwa Kifaransa, anausimulia kwa Kiswahili cha Kindu, kisha kila mmoja anasema. Maniema ni inchi ya wasimulizi, na watu wake hawahitaji kufundishwa kusikiliza hadithi usiku.

Kitabu si dawa

Hata hivyo riwaya haichukui nafasi ya muuguzi. Kijana asiyelala kwa majuma mengi, anayesikia sauti, anayejikata, anayekunywa pombe ili asahau au anayesema kwamba ni bora afe, anahitaji mtu wa afya haraka, na asiachwe peke yake. Hapa ndipo hali inakuwa ngumu kwa wakaaji wa Alunguli. Vituo vinavyojulikana kwa magonjwa ya akili viko mbali: CNPP ya Kinshasa, SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, hizi mbili zikiwa za Mabruda wa Upendo. Mlango wa kwanza unabaki kituo cha afya cha mtaa, na mara nyingi kabla yake familia inapita kwa mganga au kwenye chumba cha maombi.

Kuna kitu kidogo ambacho kila nyumba inaweza. Siku arobaini baada ya kilio, wakati hakuna tena mgeni wala sahani ya mchango, mama mdogo au shangazi anaweza kumwita yule kijana, kuketi naye nje, na kumuuliza swali ambalo hakuulizwa chini ya bashi: wewe, unalala namna gani? Na kama jibu ni kimya, anaweza kumwachia kitabu mezani, kama alivyofanya yule mama wa Bujumbura, na kumwambia akirudishe akimaliza, achukue kingine.