Soya na Masharti Yake

Chimbua mmea mmoja wa soya unaokaribia kuchanua, taratibu, pamoja na udongo wake, kisha usuuze mizizi. Utaona vinundu vya mviringo vimeshikamana nayo. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa cha rangi ya waridi ndani kama nyama mbichi, mambo ni mazuri. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi kazi, na huenda mmea unajitegemea wenyewe.

Rangi ile ni ya leghemoglobini, jamii moja na hemoglobini inayoipa damu yetu wekundu. Ndani ya kinundu wanaishi bakteria wanaoigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Tatizo ni oksijeni: bakteria wanaihitaji ili waishi, lakini kimeng'enya wanachotumia huharibika kikiguswa nayo. Leghemoglobini huwagawia kwa kipimo. Na kwa kuwa mmea huilipia naitrojeni hiyo kwa sukari, kuimwagia soya yurea nyingi ni hasara. Ikishiba naitrojeni ya bure, haihangaiki kujenga vinundu.

Hata hivyo, soya huchagua mwenzi. Kunde hukubaliana na bakteria wengi wanaopatikana katika udongo wetu. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na inapendelea hasa Bradyrhizobium japonicum, ambaye katika udongo mwingi wa Afrika ni haba au hayupo kabisa. Dawa yake ya kwanza ni kuchanganya mbegu na unga wenye bakteria hao kabla tu ya kupanda, tena kivulini, kwa kuwa jua huwaua. Kenya unga huo huuzwa kwa jina la Biofix, kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Nairobi. Taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, ilipita njia nyingine: iliibadilisha soya yenyewe, ikazalisha aina za TGx zinazopokea bakteria wenyeji. Kwa mwenye bustani aliye mbali na duka la pembejeo, hii ya pili naiona ndiyo yenye akili zaidi.

Sharti lingine ni usiku. Mwaka 1920 Wightman Garner na Harry Allard, wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walieleza jinsi soya aina ya Biloxi, hata ikipandwa kwa kupishana miezi, ilivyochanua karibu wakati mmoja, mwezi Septemba. Haikuwa ikihesabu umri wake, ilikuwa ikisubiri usiku urefuke. Kwetu karibu na ikweta usiku ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, kwa hiyo mbegu ya nchi za baridi huchanua ingali fupi na kuzaa maganda machache. Zawadi ya mbegu kutoka Kanada inaweza kukuaibisha Mwanza. Nunua ya hapa hapa, tena ya msimu uliopita, maana mbegu ya soya hupoteza uotaji haraka kwenye joto na unyevu.

Kuvuna kuna nyakati mbili. Maganda yakijaa yangali kijani, chuma uyachemshe kwa chumvi, kama Wajapani wanavyofanya na edamame. Ukitaka punje kavu, subiri majani yapukutike na maganda yalie ukiyatikisa. Usichelewe. Kwenye jua kali nusu mbili za ganda hujisokota hadi likapasuka na kurusha punje mbali, kwa hiyo vuna asubuhi umande ungalipo. Kata shina, mizizi ibaki ardhini irutubishe udongo, lakini usitarajie makubwa, kwa kuwa naitrojeni nyingi huondoka na punje zenyewe, ambazo protini ni asilimia 36 hadi 40. Faida nyingine ni kwa wenye shamba la mahindi lenye kiduha: mizizi ya soya hutoa kemikali inayoamsha mbegu za gugu hilo, nazo huota zikakosa pa kunyonya, zikafa.

Anika, pura ndani ya gunia, pepeta. Kisha loweka usiku kucha na uchemshe hadi zilainike, kwani soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha kumeng'enya protini. Kifaranga anayelishwa soya mbichi hudumaa, na kongosho lake huvimba kwa kujaribu kutengeneza tripsini ya kufidia.