Maji Hayapunguzi Asidi

Paukwa? Pakawa!

Palikuwa na chupa katika kabati la maabara, na ndani yake asidi ya hidrokloriki ya moli 2 kwa lita. Mwalimu akawaambia wanafunzi: "Kwa jaribio la leo nataka mililita 250 za asidi hii, ila iwe ya moli 0.1 kwa lita. Izimueni."

Msichana mmoja hakukimbilia bomba. Alikaa akawaza: nikiongeza maji, asidi inapungua? Hata kidogo! Sukari iliyo kwenye chai haiondoki kwa kuongezwa maji. Hutawanyika tu, utamu ukafifia. Basi asidi nitakayoichota mwanzo ndiyo hiyohiyo itakayokuwamo mwisho.

Hapo hesabu ikajipanga. Ukolezi mara ujazo kabla ya kuzimua ni sawa na ukolezi mara ujazo baada ya kuzimua. Mwishoni, 0.1 mara 250 ni 25. Mwanzoni, 2 mara ngapi ni 25? Akagawanya, akapata 12.5. Mililita 12.5 tu!

Jirani yake alikwisha kupima mililita 250 za maji. "Ngoja," msichana akamzuia, "ukijumlisha na asidi itapita 250." Akatia kwanza maji kiasi katika chupa ya ujazo, akaongeza asidi aliyoipima kwa pipeti, akaizungusha chupa polepole, ndipo akajaza maji hadi kwenye alama. Akafunga kizibo, akaipindua mara kadhaa ichanganyike.

Mbona maji yalitangulia? Kwa sababu asidi iliyokolea, hasa ya salfuriki, hutoa joto jingi ikikutana na maji. Ukiimwagia maji, yanaweza kuchemka papo hapo na kukurushia asidi usoni. Kwa hiyo asidi ndiyo humiminwa majini, taratibu, nawe umevaa miwani ya kinga.

Je, ingetakiwa mililita 250 za moli 0.002 kwa lita? Hesabu ileile inadai mililita 0.25 za asidi, matone machache yasiyopimika vyema kwa pipeti ya kawaida. Dawa yake ni kuzimua kwa hatua. Chukua mililita 10, jaza maji hadi 100: ukolezi unashuka mara kumi, unakuwa 0.2. Chota 10 za huo mpya, jaza tena hadi 100: 0.02. Haya wanangu, chukueni kalamu: hatua ya tatu inatufikisha wapi, na tuiandaeje ili tupate mililita 250 kamili?