Je, Wajua? Tovuti na Sehemu Zake, Kutoka Busia Hadi Malaba

Mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia una lango, maafisa wa uhamiaji, wabadilishaji pesa na msururu wa malori. Kwenye intaneti, mpaka huo huo una herufi mbili tu. Mamlaka ya Mapato ya Kenya hupatikana kwa anwani kra.go.ke, na wenzao wa Uganda kwa ura.go.ug. Anwani ikiishia ke ni ya Kenya; ikiishia ug, umevuka.

Watu wa Busia, na wa Malaba, mji mwingine wa mpaka huo, wanazijua anwani hizi kuliko wengi wetu. Tangu mwaka 2014, Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi, kodi ya mizigo inayoelekea Uganda hulipwa shehena ikiwa bado Mombasa. Kwa hiyo karatasi za lori hufika Malaba kupitia mtandao kabla lori lenyewe halijafika. Wakala wa forodha hushinda mbele ya fomu za mtandaoni, na kwenye saiba za mjini vijana hujazia watu ritani za kodi na maombi ya huduma za serikali kwenye eCitizen. Wafanyabiashara nao wameanza kutaka tovuti zao wenyewe. Hapo ndipo maneno huwachanganya: fundi anataja domeni, hosti, HTML na themi, mteja anaitikia kwa kichwa, kisha analipa kitu asichokijua.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba tovuti ni vitu kadhaa vilivyounganishwa. Kila kimoja kina bei yake, mmiliki wake na matatizo yake.

Jina

Jina la tovuti huitwa kikoa, au domeni kwa lugha ya mafundi. Kompyuta hulisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Huanza na ke, ikaingia go, mwishowe ikafika kra. Kikoa cha .ke kilisajiliwa tarehe 29 Aprili 1993. Kesho yake, kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi kilitangaza kwamba wavuti, uliobuniwa pale na Mwingereza Tim Berners-Lee, ungekuwa mali ya umma, mtu yeyote autumie bila kulipa. Uganda ilipata .ug mwaka 1995.

Majina ya .ke husimamiwa na shirika la KeNIC. Herufi za katikati hueleza aina ya mwenye tovuti: go ni serikali, co ni biashara, or ni mashirika yasiyotafuta faida, ac ni vyuo na sc ni shule. Mtu binafsi hawezi kujinunulia go.ke.

Kwa kuwa jina husomwa kutoka kulia, tapeli anaweza kuandika kra.go.ke mwanzoni mwa anwani, kisha akaongeza nukta na maneno mengine yanayoishia com. Anwani hiyo si ya serikali hata kidogo. Tafuta alama ya kwanza ya mkwaju (/) baada ya jina, kisha utazame herufi zilizo kushoto kwake. Hizo ndizo zinazosema mwenye tovuti ni nani.

Makao

Jina peke yake halina ukurasa ndani. Kurasa hukaa kwenye seva, yaani kompyuta inayowashwa usiku na mchana ikisubiri kuulizwa. Kukodi nafasi kwenye seva ndiko mafundi wanakokuita kuhosti. Ukiandika anwani, simu yako huuliza kwanza mfumo uitwao DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Mfumo huo hugeuza jina kuwa namba ya seva, kisha simu huiomba seva ukurasa.

Jina na makao ni bidhaa mbili tofauti. Tovuti inayoishia co.ke inaweza kukaa kwenye seva iliyo Nairobi, Ujerumani au Marekani, na mwenyewe anaweza kuihamisha bila jina kubadilika hata herufi moja. Umbali wa seva za ng'ambo ulikuwa mzigo mkubwa kabla ya mwaka 2009, wakati Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zinazoelea takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mwaka huo nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Uganda haina bahari, kwa hiyo sehemu ya data yake hupita Kenya, katika nyaya za nchi kavu zinazovuka mpaka pale Busia na Malaba.

Kila kifaa kilicho mtandaoni pia hutambuliwa kwa namba, na tovuti nyingi hukisia uliko kwa kuitazama. Ndiyo maana mtu aliye Busia ya Kenya lakini anatumia laini ya Uganda anaweza kuonyeshwa bei kwa shilingi za Uganda.

HTML, CSS na JavaScript

Tuchukue mfano wa mama anayeuza nafaka Malaba, mwenye ukurasa mmoja tu. Juu pameandikwa "Mahindi na maharagwe, jumla na rejareja". Chini yake kuna maelezo mafupi, picha ya magunia na namba ya simu.

HTML ndiyo inayoiambia simu kila kipande ni nini. Hutumia alama zinazoitwa tegi, ambazo huandikwa ndani ya mabano ya pembe. Tegi ya h1 husema haya ni maneno ya kichwa, p husema hii ni aya, img husema hapa pana picha, na a hutengeneza linki ya kubofya. Tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Berners-Lee, ilifunguliwa kwa watu wa nje mwaka 1991. Ilikuwa maandishi na linki, basi.

CSS hushughulikia sura: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya vitu. Ilipendekezwa na Håkon Wium Lie, raia wa Norway, mwaka 1994. Mama wa nafaka akitaka kichwa cha kijani badala ya cheusi, fundi hubadilisha mstari mmoja wa CSS bila kugusa maneno.

JavaScript hufanya ukurasa utende. Brendan Eich aliandika toleo lake la kwanza kwa siku 10 mwezi wa Mei 1995. Tuseme mama ameweka kisanduku cha kubadilisha pesa: mteja wa Tororo, Uganda, anaandika kiasi kwa shilingi za Kenya, na papo hapo kinatokea kiasi kwa shilingi za Uganda. Hesabu hiyo inaweza kufanyika ndani ya simu ya mteja, bila kurudi kwa seva.

Lakini mteja akijaza fomu ya kuagiza magunia 20, maelezo yake lazima yaende kwa seva na kuandikwa kwenye hifadhidata. Kazi hiyo ya nyuma ya pazia ndiyo huifanya tovuti iwe ghali. Kurasa tatu za matangazo na mfumo wa kupokea maagizo ni kazi mbili tofauti, hata kama kwa macho zinafanana. Mafundi wengi hupunguza kazi kwa kutumia WordPress, programu iliyotolewa mwaka 2003, ambayo humwezesha mwenye tovuti kuandika na kubadilisha kurasa bila kujua HTML. Sura yake huchaguliwa kati ya zilizokwisha kutengenezwa, na hizo ndizo themi.

Picha, rangi na kioo kidogo

Picha ndiyo inayomaliza bando za wateja. Simu inayopiga picha za megapikseli 12 hutoa picha yenye upana wa pikseli 4,000 na urefu wa 3,000, yaani nukta milioni 12. Kioo chenye upana wa pikseli 720 kinahitaji nukta 388,800 tu kuionyesha picha hiyo nzima. Fundi akiiweka jinsi ilivyotoka kwenye kamera, mteja atapakua nukta karibu mara 31 ya zile atakazoziona. Picha hupunguzwa kwanza, ndipo huwekwa. Kila picha pia iandikiwe maelezo mafupi, ambayo simu ya asiyeona humsomea kwa sauti.

Rangi zote za kioo hutokana na taa tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kila taa ina viwango 256 vya mwanga, na jumla ya rangi zinazowezekana ni 16,777,216. Kioo hakina taa ya njano. Kwa hiyo njano ya bendera ya Uganda, ikionyeshwa kwenye simu, ni mwanga mwekundu na wa kijani uliochanganywa, na rangi hizo mbili zote zimo kwenye bendera ya Kenya.

Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte aliandika makala akieleza jinsi ya kusanifu ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa kioo. Siku hizi ndiyo desturi. Kama tovuti yako inamlazimu mteja kuvuta maneno kwa vidole viwili ndipo asome, fundi hakumaliza kazi.

Makosa na kufuli

Namba 404 ina maana kwamba seva imepatikana lakini ukurasa ulioombwa haumo. Tatizo ni la linki, wala si la mtandao wako. Namba 500 ina maana seva yenyewe imekwama. Simu ikisema haiwezi kulipata jina kabisa, na tovuti nyingine zinafunguka, huenda uliandika anwani vibaya au mwenyewe hakulipia kikoa.

Alama ya kufuli, au herufi https, huonyesha kwamba njia kati yako na seva imefungwa kwa siri, asiyehusika asisome katikati. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili. Tapeli naye hupata kufuli, na hulipata bure.

Kabla ya kulipa

Ukitaka tovuti ya biashara yako, muulize fundi maswali matatu. Kikoa kitasajiliwa kwa jina la nani? Malipo ya kikoa na ya seva yanaisha tarehe gani? Nani atabaki na maneno ya siri? Kikoa hulipiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka hadi mwaka, na muda ukipita bila malipo mtu mwingine anaweza kukichukua. Sura ya tovuti inaweza kutengenezwa upya wakati wowote, hata na fundi mwingine. Jina lililosajiliwa kwa fundi ni la fundi, hata kama umelilipia wewe. Hakikisha limesajiliwa kwa jina lako.